Kifaa cha kutambua rada: mlio wake unamwambia nini dereva?

Madereva wengi nchini Marekani huweka kwenye kioo cha mbele kisanduku kidogo kinacholia pale polisi wa barabarani wanapotumia rada karibu. Tatizo ni kwamba hulia pia mbele ya maduka makubwa. Dereva asiyejua kutofautisha milio huishia kukipuuza.

Kifaa hiki hakipimi mwendo wa gari lako wala hakimwoni askari. Kinasikiliza mawimbi ya redio tu. Rada ya polisi hurusha mawimbi yanayogonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika masafa, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoonyesha mwendo. Kwa kuwa mawimbi hayo yanapaswa kwenda na kurudi, kifaa huweza kuyanasa mbali, kabla askari hajapata kipimo.

Kwenye kioo chake hutokea herufi. X, karibu gigahezi 10.5, ilikuwa ya polisi zaidi zamani. Leo mara nyingi ni mlango wa duka unaojifungua wenyewe. K, gigahezi 24, ndiyo yenye utata: polisi wanaitumia, na magari mengi yana vitambuzi vya pembeni vinavyotumia masafa hayo hayo. Ikiwa mlio unakuja na kuondoka pamoja na gari lililo ubavuni mwako, chanzo huenda ni gari hilo. Ka, kati ya gigahezi 33.4 na 36, ni nadra kuwa kitu kingine zaidi ya polisi.

Mlio unaoanza taratibu na kupanda humaanisha unaikaribia rada iliyowashwa muda wote. Unaowaponza wengi ni ule mkali wa sekunde mbili, kisha kimya. Hapo askari huiweka rada tayari bila kurusha mawimbi, akaifyatua gari linapofika. Huenda aliyepimwa ni mwenzako aliye mbele, na zamu yako inafuata. Kama uko peke yako barabarani, umeshapimwa.

Leza ni habari nyingine. Ni mwanga, na umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita moja tu, hivyo kifaa kikilia kwa leza, kwa kawaida kipimo kimeshachukuliwa. Watanzania wanaoiita mashine ya polisi "tochi" wameipatia leza jina linaloifaa kabisa.

Kisha kuna sheria. Virginia na Washington D.C. zinapiga marufuku vifaa hivi hata kwenye magari madogo. Kwa wasikilizaji wetu wanaoendesha malori ya kibiashara kati ya majimbo, ambao leseni ndiyo riziki yao, kanuni za serikali kuu zinakataza kote nchini. Si kukitumia tu: kuendesha lori ambalo kifaa hicho kimo ndani yake ni kosa.