Amri Imepokelewa, Kazi Haijaisha

Katika maabara nyingi za elektroniki, kompyuta ndiyo inayoviendesha vifaa vya kupimia: hutuma amri za maandishi, kifaa hupima, kisha hujibu. Tatizo hutokea programu inapoomba jibu kabla kipimo hakijaisha. Kifaa hakilalamiki, hutoa namba iliyopo, hata kama ni ya kipimo kilichopita.

Chanzo ni kwamba amri ni za aina mbili. Nyingi humalizika kabla ya inayofuata kuanza. Nyingine, kama INIT inayoanzisha kipimo, huiacha kazi ikiendelea huku amri zinazofuata zikitekelezwa. Chukua kichanganuzi cha spektra kinachohitaji sekunde 20 kupita masafa yote. Ukituma INIT na papo hapo ukauliza kimo cha kilele, utajibiwa kutokana na mchoro ambao haujakamilika.

Wengi huweka kituo cha sekunde kadhaa ndani ya programu. Huko ni kubahatisha. Katika vichanganuzi vinavyofagia masafa, ukipunguza upana wa kichujio mara 10, muda wa kupima huongezeka takriban mara 100, na kituo chako cha jana hakitoshi tena.

Dawa iliwekwa katika kiwango cha IEEE 488.2 cha mwaka 1987, na lugha ya amri ya SCPI ya mwaka 1990 ikajengwa juu yake. Amri zenyewe ni tatu. *WAI huzisimamisha amri zinazofuata mpaka kazi iishe, lakini kompyuta haipewi taarifa yoyote. *OPC? hurudisha 1 kazi ikikamilika. Programu husubiri jibu hilo ndipo iendelee. *OPC haijibu kitu, bali huwasha biti 0 ya rejista ya matukio. Ukitanguliza *ESE 1 na *SRE 32, kifaa chenyewe kitaiita kompyuta, nayo itakuwa huru kufanya mengine inapongoja.

Kwa vipimo vifupi, *OPC? inatosha, mradi ukomo wa kusubiri wa programu uzidi muda wa kipimo. Kwa vipimo virefu, tumia *OPC na mwito. Kwa vyovyote, anza na INIT:CONT OFF, kwa sababu kipimo kinachojirudia bila kikomo hakina mwisho wa kuungojea. Muda usiukisie; kiulize kifaa.