Kila redio Dar ni 'namba moja': mwenye tangazo aamini ipi?

MFANYABIASHARA wa Msasani anayetaka kutangaza duka lake redioni hana haja ya safari ndefu. Akishika Barabara ya Mwai Kibaki kuelekea Mikocheni, ndani ya muda mfupi atakuwa jirani na IPP Media, wenye Radio One, na pia Clouds Media. Akiendelea mpaka Mbezi Beach atafika ilikoanzia Wasafi FM mwaka 2019. Jijini Dar es Salaam si ajabu kubisha milango mitatu ya redio kwa siku moja, ukakaribishwa vizuri kote, na kote ukaonyeshwa karatasi inayosema kituo hicho ndicho kinachoongoza kwa wasikilizaji.

Mwenye duka hurudi nyumbani akiamini kwamba wawili kati ya watatu wamemdanganya. Huenda amekosea. Karatasi zote tatu zaweza kuwa za kweli. Kituo kimoja kinaongoza saa 1 asubuhi, cha pili kinaongoza kwa vijana, cha tatu kinaongoza nchi nzima lakini si Kinondoni. Kosa huanza pale mnunuzi wa tangazo anapolipia jina la "namba moja" bila kuuliza ni namba moja ya saa ngapi, ya wapi na kwa nani.

Soko lilivyofunguka

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwapo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani, na mwenye bidhaa hakuwa na pa kuchagua. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi na kuunda Tume ya Utangazaji. Mwaka uliofuata, 1994, Radio One na Radio Tumaini ziliingia hewani. Kabla ya muongo huo kwisha Clouds FM nayo ilikuwa imeanza kuwavuta vijana wa mjini.

Wimbi la pili lilikuja baadaye. E FM ilianza mwaka 2014, Wasafi FM ya msanii Diamond Platnumz ikafuata mwaka 2019, na Crown FM ya Alikiba mwaka 2024. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo mwaka 2003 ilirithi kazi za Tume ya Utangazaji, imekwisha kutoa leseni kwa vituo zaidi ya 200 nchini.

Wauzaji wakiwa wengi hivyo, mnunuzi anahitaji mizani. Katika biashara ya redio, mizani hiyo ni takwimu za wasikilizaji.

Mpira ndio unaouza

Bidhaa iliyoleta ushindani mkali zaidi ni maongezi ya michezo. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Haki za kuonyesha mpira ni ghali: mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka, TFF, kwa Shilingi bilioni 225.6 ili kuonyesha Ligi Kuu kwenye televisheni. Mwaka huo huo TFF ilikubaliana na Shirika la Utangazaji, TBC, kuhusu haki za matangazo ya redio.

Lakini kuzungumzia mpira hakuhitaji haki ya mtu yeyote. Kinachotakiwa ni meza, vipaza sauti, simu ya wasikilizaji na watu watatu wanaojua kubishana. Redio isiyoweza kutangaza dakika 90 za Simba na Yanga inaweza kuuza wiki nzima ya kabla ya mechi na wiki nzima ya baada yake. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika waliyocheza Yanga mwaka 2023, na ile ya Simba mwaka 2025, zilikuwa mavuno kwa kila kituo chenye kipindi cha michezo.

Kwa kuwa mtambo si kitu kikubwa, mtaji halisi ni sauti. Ndiyo maana vituo hunyang'anyana watangazaji kama klabu zinavyonyang'anyana washambuliaji. Gerald Hando, aliyezoeleka asubuhi kupitia Clouds FM, alihamia E FM mwaka 2016, na mwaka 2020 akaenda Wasafi FM. Kila uhamisho wa namna hiyo huchukua sehemu ya wasikilizaji. Karatasi ya takwimu aliyopewa mwenye duka, hata hivyo, hubaki ile ile mpaka utafiti mwingine ufanyike. Kwa hiyo tarehe ya utafiti ina uzito sawa na namba zenyewe.

Kuna mnunuzi mwingine anayepandisha bei katika saa za michezo, naye ni kampuni za kubashiri matokeo. SportPesa iliingia nchini mwaka 2017 kwa kudhamini Simba na Yanga, na wengine wakafuata. Hawa hununua kwa wingi na kwa muda mrefu. Mwenye duka la vitambaa anayenunua tangazo moja la sekunde 30 hujikuta katikati ya foleni ya matangazo ya wakubwa, mahali ambapo msikilizaji amekwisha kuchoka au kubadili kituo.

Namba inavyopatikana

Upimaji wa wasikilizaji wa redio kwa njia za kitaalamu katika eneo hili ulikuzwa na kampuni ya Steadman iliyoanzia Kenya. Steadman ilinunuliwa na Synovate mwaka 2008, na Synovate ikamezwa na Ipsos mwaka 2011. Njia ya kawaida ni ya ana kwa ana: mtafiti humwuliza mtu alisikiliza nini jana, saa kwa saa. Baadaye GeoPoll walileta njia ya maswali kwa ujumbe wa simu, na anayejibu huzawadiwa muda wa maongezi.

Kila njia ina upungufu wake. Anayeulizwa habari za jana huwa anataja jina kubwa analolikumbuka, ingawa saluni aliyokaa ilikuwa imefungulia kituo kingine. Anayejibu kwa simu lazima awe na simu, ajue kusoma na awe na nafasi ya kujibu. Mama wa makamo anayesikiliza redio jikoni huweza kukosekana katika hesabu.

Upungufu mkubwa zaidi kwa mfanyabiashara mdogo ni wa ukubwa wa sampuli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati yao wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam walikuwa 5,383,728, yaani chini kidogo ya asilimia 9. Tuseme utafiti umehoji watu 2,000 nchi nzima kwa kufuata uwiano wa idadi ya watu. Watakaotoka Dar es Salaam ni kama 174 tu. Watakaotoka Manispaa ya Kinondoni, ambamo Msasani imo, hawazidi 32.

Kwa watu 174, kituo kilichoandikiwa asilimia 20 huenda kwa kweli kiko popote kati ya 14 na 26. Kilichoandikiwa 20 na kilichoandikiwa 24 haviwezi kutenganishwa. Kwa watu 32 hali ni mbaya zaidi: asilimia 20 yaweza kuwa 6 au 34. Hata hivyo, tofauti ndogo kama hizo zinaweza kutumika kupandisha bei ya tangazo.

Ofisi Kinondoni, masikio Temeke

Sensa hiyo hiyo inafundisha jambo jingine. Manispaa ya Kinondoni, zilipo redio nyingi kubwa na ofisi za watangazaji matajiri, ilikuwa na wakazi 982,328. Ubungo ilikuwa na 1,086,912, Temeke 1,346,674, na Ilala 1,649,912. Kigamboni ilikuwa na 317,902.

Maana yake ni kwamba redio inayotaka kuongoza Dar es Salaam haiwezi kuishi kwa Msasani na Masaki. Lazima ishike Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto na Kimara. Lugha ya watangazaji, utani wa Simba na Yanga, muziki wa singeli, vyote hupangwa kwa kuyafuata masikio hayo. Kwa muuzaji wa sabuni, unga au vocha za simu, hiyo ni neema. Kwa mwenye gereji Msasani ambaye wateja wake hawatoki mbali zaidi ya Mikocheni na Kawe, sehemu kubwa ya fedha yake inalipia watu ambao hawatafika kwake kamwe.

Hesabu ya mwenye duka

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hesabu yake ndiyo inayotumiwa na mawakala wa matangazo. Redio ya kwanza inauza sekunde 30 kwa Sh 60,000, na saa hiyo ina wasikilizaji 300,000. Kuwafikia watu 1,000 kunagharimu Sh 200. Redio ya pili inauza kwa Sh 25,000 na ina wasikilizaji 80,000, hivyo watu 1,000 wanagharimu Sh 312.50. Kwa hesabu hiyo redio kubwa ndiyo rahisi.

Sasa aulize wangapi wako Kinondoni. Ikiwa redio kubwa ina msikilizaji mmoja kati ya kumi katika manispaa hiyo, amewapata watu 30,000 tu, na bei ya kila 1,000 imepanda kufikia Sh 2,000. Ikiwa nusu ya wasikilizaji wa redio ndogo wako Kinondoni, amewapata 40,000 kwa Sh 625 kila 1,000. Redio ndogo imekuwa rahisi zaidi ya mara tatu. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anayeuza mpaka Mbeya na Mwanza atafanya hesabu hiyo hiyo na kupata jibu la kinyume. Wote wawili watakuwa sahihi.

Kabla ya kulipa, akumbuke pia kuwa kituo kinaweza kuzimwa. Mwezi Agosti 2020 TCRA iliifungia Clouds kwa siku saba, na mwezi Septemba ikawa zamu ya Wasafi FM, nayo siku saba. Aliyelipia matangazo ya mwezi mzima alipoteza robo ya mwezi, na wiki ya mauzo hairudi. Mkataba uandike wazi kama siku zitafidiwa, kwa saa zile zile zilizonunuliwa na si kwa saa za usiku wa manane.

Wasikilizaji si faida

Mwekezaji mdogo anayeona umati wa redio na kutamani hisa zake hana budi kutulia. Redio kubwa za Dar es Salaam ni mali ya watu binafsi, taasisi za dini au serikali. Hisa zake haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni ya habari iliyoingia sokoni hapo, mwaka 2011, ni Nation Media Group ya Nairobi, nayo ina funzo. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilitangaza kuifunga Nation FM ya Kenya na KFM ya Rwanda. Redio hizo zilikuwa na wasikilizaji, lakini wasikilizaji ni nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ni watangazaji wanaolipa, tena kwa wakati, na gharama za kuwashikilia wenye sauti nzuri wasihame.

Nchi zilizochoka na mabishano ya namba zilipata dawa moja: mizani iwe ya wote. Uingereza iliunda RAJAR mwaka 1992, inayomilikiwa na BBC kwa upande mmoja na redio za biashara kwa upande mwingine. Kenya nayo ina taasisi ya KARF, inayowakutanisha wenye vyombo vya habari, watangazaji na mawakala. Washindani wanapogharamia kipimo kimoja, hakuna anayeweza kukikataa anaposhindwa. Kipimo kilicholipiwa na upande mmoja si lazima kiwe cha uongo, lakini mnunuzi ana haki ya kujua nani alilipa.

Basi mwenye tangazo aulize mambo matano kabla ya kutoa fedha: nani alifanya utafiti na nani aligharamia, ulifanyika lini, watu wangapi walihojiwa katika wilaya yake, kituo kina wasikilizaji wangapi katika saa ile anayonunua, na tangazo lake litakuwa la ngapi katika foleni. Kituo kisichoweza kujibu hata matatu kati ya hayo kipunguze bei.

Kuna na kipimo cha sita, ambacho hakihitaji kampuni ya utafiti. Ni daftari la shilingi chache juu ya kaunta. Kila mteja mpya aulizwe amelisikia wapi duka hilo, na jibu liandikwe pamoja na tarehe. Baada ya mwezi mmoja mwenye duka la Msasani atakuwa na takwimu za mtaa wake ambazo hakuna redio jijini inayoweza kumwonyesha, na siku atakayokwenda kuongeza mkataba ni yeye atakayekuwa na karatasi mkononi.