Mwiko wa Kona na Sayansi ya Ukuta Mkavu

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada, kuta za ndani hazijengwi kwa matofali wala hazipigwi lipu. Hujengwa kwa mabamba mapana ya jasi yaliyofunikwa karatasi pande zote mbili, ambayo hukazwa kwa misumari au skrubu juu ya fremu ya mbao au ya chuma. Ukuta wa namna hiyo huitwa ukuta mkavu, kwa sababu mabamba hayo hufika kwenye jengo yakiwa yamekwisha kukauka kiwandani. Fundi hana haja ya kungoja majuma kadhaa ili lipu ikauke.

Lakini mabamba yana mipaka, na kila mpaka ni mwanya. Mianya hiyo lazima izibwe, ifunikwe na kulainishwa mpaka jicho lisiweze kuiona. Mahali pagumu kuliko pote katika kazi hiyo ni kona ya ndani, yaani pale ambapo kuta mbili hukutana, au ukuta hukutana na dari. Hapo ndipo nyufa nyingi huanzia, na hapo ndipo ustadi wa fundi hupimwa. Kifaa kidogo kilichobuniwa kwa ajili ya mahali hapo, mwiko wa kona, chaweza kuonekana kuwa kipande cha bati kilichokunjwa tu. Hata hivyo, mkunjo wake una maana kubwa, kwa uzuri wa ukuta na kwa mapafu ya yule anayeujenga.

Bamba la jasi lilivyopatikana

Jasi ni madini laini yanayoundwa na salfeti ya kalisiamu iliyoungana na maji. Kanuni yake ya kikemia ni CaSO4·2H2O. Mwanafunzi akikokotoa uzito wa molekuli ataona kwamba maji ni kama asilimia 21 ya uzito wote wa jasi. Jasi ikipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 150 za sentigredi, robo tatu ya maji hayo hutoka, na unga mweupe hubaki. Unga huo ukichanganywa tena na maji, huyarudisha maji yake, hufanya fuwele mpya, na hugeuka kuwa kitu kigumu katika muda mfupi.

Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bamba la ukutani lililotengenezwa kwa matabaka ya karatasi na plasta. Mwaka 1909 kampuni ya United States Gypsum, iliyoundwa mwaka 1902, iliinunua biashara ya Sackett, na baada ya miaka michache ikaanza kutoa bamba lenye moyo mmoja wa jasi katikati ya karatasi mbili. Watu hawakulipokea haraka. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba nyingi zilipohitajika kwa muda mfupi, ndipo bamba la jasi liliposhinda lipu ya zamani iliyopakwa juu ya fito nyembamba za mbao.

Kazi ya lipu ilipopungua, kazi nyingine ilizaliwa, nayo ni kuziba viungo. Zikabuniwa zana zake: visu bapa vya upana wa sentimita 10 hadi 30, visahani virefu vya kubebea rojo, vigurudumu vya kukandamizia utepe, na miiko ya kona.

Kwa nini kona hupasuka

Vitu vyote vya ujenzi husogea. Bamba la jasi hupanuka kwa joto kiasi cha sehemu 16 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, na hupanuka pia hewa inapopata unyevu. Tuseme ukuta una urefu wa mita 3 na joto linabadilika kwa nyuzi 15. Ukuta huo utabadilika kwa milimita 3,000 × 15 × 16 ÷ 1,000,000, yaani milimita 0.72. Kipimo hicho ni kidogo, lakini ufa wa nusu milimita tu huonekana wazi kwenye ukuta mweupe.

Mbao za fremu husogea zaidi kuliko jasi. Ubao mbichi unapokauka hunywea, hasa kwa upana wake. Katika nchi za baridi, mihimili ya paa hupinda kidogo wakati wa kipupwe, kwa sababu sehemu za juu hupata unyevu ilhali za chini hukaa katika ukavu na ujoto wa nyumba. Dari huinuka pamoja na mihimili hiyo, lakini ukuta wa katikati ya nyumba haufuati. Mwanya hutokea katika kona ya dari na ukuta, kisha hujifunga majira yanapobadilika.

Hivyo kona ni mahali ambapo nyuso mbili, kila moja ikiwa na mwendo wake, hulazimishwa kuishi pamoja. Rojo peke yake haliwezi kuhimili mvutano huo, kwa kuwa likikauka huwa gumu na jepesi kuvunjika. Kwa sababu hiyo fundi hutia ndani ya rojo utepe wa karatasi wenye upana wa sentimita 5 hivi. Utepe huo huwa na alama ya mkunjo katikati, ili ukunjike sawasawa na kuingia kwenye kona. Karatasi huvumilia mvutano, nalo rojo huishikilia mahali pake. Wajenzi waangalifu huongeza hila nyingine: hawapigi misumari karibu sana na kona. Bamba la dari hushikiliwa na ukingo wa bamba la ukutani lililo chini yake, na msumari wa kwanza wa ukutani hukaa kama sentimita 20 kutoka darini. Kona huachiwa nafasi ya kusogea bila kupasuka.

Tatizo la nyuso mbili

Baada ya utepe kushika, matabaka mengine mawili ya rojo hupakwa juu yake. Rojo la kawaida huwa na unga wa chokaa, maji na gundi. Maji yanapotoka, rojo hunywea. Tabaka nene hunywea zaidi na hupasuka, kwa hiyo kila tabaka sharti liwe jembamba, na kingo zake zififie kabisa juu ya bamba. Lipo pia rojo lenye unga wa jasi iliyopashwa moto. Hilo hukaza kwa nguvu ya kikemia, sehemu ya maji ikiingia ndani ya fuwele, nalo hunywea kidogo tu. Lakini likishakaza ni gumu kusugua.

Kwenye ukuta ulionyooka, kisu bapa hutosha. Kwenye kona, fundi hukutana na kikwazo. Akilainisha upande wa kulia, ncha ya kisu hukwaruza upande wa kushoto. Akirudi kutengeneza wa kushoto, huharibu wa kulia. Wako mafundi wanaotatua jambo hili kwa subira: hupaka upande mmoja leo, huuacha ukauke, na kesho hupaka wa pili. Njia hiyo hutoa kazi safi sana, lakini hula siku.

Mwiko wa kona hutatua tatizo hilo kwa njia ya jiometri. Ni bamba la chuma cha pua chembamba kinachonyumbuka, lililokunjwa katikati likawa na mbawa mbili, na mpini umewekwa nyuma ya mkunjo. Mtu angedhani kwamba pembe kati ya mbawa hizo ni nyuzi 90, sawa na kona yenyewe. Sivyo. Katika miiko mingi ya aina hii pembe hiyo ni kama nyuzi 103.

Sababu yake ni nini? Mwiko ungekuwa na nyuzi chini ya 90, ncha ya mkunjo ingegusa kwanza ndani ya kona, na kingo za nje za mbawa zingebaki hewani. Rojo lingebaki nene kwenye kingo, na ukuta ungepata matuta mawili yanayofuatana na kona kutoka juu hadi chini. Hata ungekuwa na nyuzi 90 kamili, upungufu mdogo wa kona ungeleta matokeo hayo hayo. Lakini mwiko wa nyuzi 103 hugusa kwanza kwa kingo zake za nje. Fundi anaposukuma mpini, mbawa hujikunja kwa nyuzi 13 mpaka zilingane na kona. Chuma kilichokunjwa hivyo hutaka kurudi katika umbo lake la mwanzo, kama upinde uliovutwa. Kwa hiyo kingo za nje hubana ukuta kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Huko kwenye kingo, ambako rojo latakiwa kufifia, ndiko hukwanguliwa zaidi, na akiba ndogo hubaki katikati kufunika utepe.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kinyume katika mwiko wa kona ya nje. Huo hukunjwa kwa nyuzi 80 hivi, ili ukikandamizwa juu ya kona ufunuke mpaka 90, na kingo zake za nje zibane ukuta vilevile.

Mwiko huu haukosi mipaka. Ikiwa fremu imepotoka na kona ina nyuzi 84 au 97, mbawa hazibani sawasawa. Ukipakiwa rojo jingi, huburuta na kuacha mawimbi. Mafundi wengi wenye uzoefu hurudi kwenye kisu bapa kwa tabaka la mwisho. Kwa majengo makubwa kuna vichwa vya kona vyenye makali manne, vinavyosukumwa kwa mpini mrefu na kutoa rojo vyenyewe. Kampuni ya Ames ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1939, ni miongoni mwa zilizoeneza zana za namna hiyo.

Vumbi

Palipobaki tuta, fundi hutumia msasa. Hapa ndipo ubora wa mwiko unapokuwa jambo la afya. Msasa una kasoro ile ile ya kisu bapa: ukisugua upande mmoja wa kona, ukingo wake huchimba wa pili. Fundi hulazimika kusogeza uso karibu, kusugua kwa mkono na kurekebisha mara kwa mara, huku akivuta vumbi lote.

Historia ya vumbi hilo ni ya kusikitisha. Kwa miaka mingi rojo lilitiwa nyuzinyuzi za asbesto ili lisipasuke. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilipiga marufuku rojo la namna hiyo, baada ya kubainika kwamba asbesto huleta kovu la mapafu na saratani. Magonjwa hayo hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kwa hiyo wako waliougua kwa sababu ya kona walizosugua wakiwa vijana, na ukuta wa zamani usiojulikana rojo lake haufai kusuguliwa hata sasa.

Rojo la leo halina asbesto, lakini vumbi lake si salama kwa hilo tu. Laweza kuwa na ulanga, mika, na wakati mwingine silika. Mwaka 1999 taasisi ya Marekani inayochunguza afya kazini, NIOSH, ilieleza kwamba baadhi ya wasuguaji walikuwa wakipata vumbi mara 10 ya kiwango kilichoruhusiwa, ambacho ni miligramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ilionyesha pia kwamba misasa iliyounganishwa na mashine ya kunyonya hupunguza vumbi kwa asilimia 80 hadi 97. Mahali pasipo na mashine, sifongo iliyoloweshwa hulainisha kona bila kurusha vumbi, kwa kuwa rojo la kawaida hulainika tena kwa maji. Barakoa nayo ni ya lazima. Lakini kinga ya kwanza ni kutoacha tuta la kusugua.

Jambo hili na Afrika Mashariki

Jasi si ngeni Tanzania. Huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na Kilwa mkoani Lindi, na sehemu kubwa hutumiwa na viwanda vya saruji ili saruji isikaze upesi kupita kiasi. Mabamba ya jasi nayo yameenea katika dari za nyumba za mijini, na katika kuta za kugawia ofisi. Katika nyumba ya matofali, kona ya dari na ukuta hufunikwa mara nyingi kwa utepe mnene wa jasi wenye mapambo, ambao mafundi huuita konisi. Huo huficha mwanya kati ya vitu viwili vyenye mwendo tofauti. Lakini dari zenye ngazi na kuta za ofisi zina kona za ndani zisizo na konisi, na vijana wengi huzisugua kwa msasa mkavu, vitambaa vikiwa vimefungwa puani.

Jaribio la darasani

Chukueni sanduku la viatu, uji mzito wa unga wa ngano, na vipande vitatu vya plastiki inayonyumbuka, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 8. Vikunjeni katikati kwa nyuzi 80, 90 na 103, mkipima kwa kipimapembe. Pakeni uji katika kona tatu za ndani za sanduku, kisha vuteni kila kipande katika kona yake, kutoka juu hadi chini, kwa nguvu ileile.

1. Ni kona ipi iliyobaki na matuta, na yako umbali gani kutoka katikati?
2. Kisukumeni kipande cha nyuzi 103 polepole ndani ya kona tupu. Ni sehemu gani inayogusa kwanza?
3. Acheni uji ukauke. Pimeni unene wa kila tuta, mkadirie ni kona ipi ingehitaji msasa mwingi zaidi.