Habari Ile Ile Mara Mbili: Kosa Lilikuwa la Nani?

Wahenga walinena kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Mimi nilipotea mbele ya gwaride zima!

Nilikuwa msomaji wa habari za asubuhi. Habari zenyewe nilizichota katika kompyuta ya maktaba, kwenye programu inayokusanya habari za tovuti nyingi mahali pamoja. Jumatatu moja nikasoma habari ya ajali ya matatu. Wiki iliyofuata programu ikaniletea ajali hiyo hiyo, ati "mpya". Nami, bila kutazama tarehe, nikaisoma tena. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye babake huendesha matatu katika barabara ile, aliangua kilio akidhani ni ajali nyingine. Lo! Siku hiyo chakula hakikunipita kooni.

Kwani programu ilikosea wapi? Mwalimu wa kompyuta alinieleza kuwa programu haielewi habari kama wewe na mimi. Inatazama kitambulisho tu. Chukua mfano wa nambari ya usajili hapa shuleni. Akina Wanjiku wawili darasani ni watu wawili kwa sababu nambari zao ni mbili. Naye Otieno akinyoa nywele na kuvaa sweta mpya, nambari ni ile ile, basi ni Otieno yule yule.

Tovuti nazo huipa kila habari kitambulisho. Katika mtindo uitwao Atom, uliokamilishwa mwaka wa 2005, kitambulisho ni lazima, pamoja na tarehe ya marekebisho. Katika RSS 2.0, mtindo wa mwaka wa 2002, kitambulisho ni hiari. Kikikosekana, programu nyingi hutumia anwani ya habari, au hulinganisha kichwa na maneno yenyewe.

Kitambulisho kikiwa kile kile na maneno yamebadilika, habari imerekebishwa. Programu nyingine hukuonyesha upya. Nyingine hubadilisha maneno kimyakimya, nawe uliyekwisha kusoma hupati fununu. Kitambulisho kikiwa kigeni, programu husema "mpya", hata kama hakuna nukta iliyoongezwa. Ndiyo maana magazeti mawili yakiandika tukio moja, programu huweza kuhesabu mawili.

Yaliyonipata mimi ni haya: tovuti ile ilihama kutoka http hadi https, na vitambulisho vyake vilikuwa anwani hizo hizo. Basi habari zote za zamani zikafufuka!

Nilimwomba yule msichana msamaha mbele ya gwaride. Siku hizi, kabla sijasoma, natazama tarehe ya tukio na mahali, kisha nalinganisha na daftari langu la wiki iliyopita. Nawe msomaji, ukiletewa habari "mpya", usiimeze kabla ya kuitafuna.