Fahamu: Kwa nini seva ya Java huanza kivivu
Ripoti za zahanati za Tabora, Urambo na Nzega huingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioenea Tanzania Bara kufikia 2013. Umeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Seva ikiwashwa upya, Java hupakia maelfu ya klasi (vipande vya msimbo), kila moja inapohitajika, na msimbo hutafsiriwa hatua kwa hatua. Sehemu zinazorudiwa sana ndizo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kuongeza RAM, dawa inayokimbiliwa na wengi, hapa husaidia kidogo. Java 24 ya Machi 2025 huweza kuhifadhi klasi zikiwa tayari zimeunganishwa: katika jaribio la watengenezaji wake, programu ya Spring PetClinic, yenye klasi takriban 21,000, ilipunguza muda wa kuanza kwa asilimia 42.