Bafu jipya, umeme wa zamani: mambo ya kupanga mbele ya kubandika karo

Katika miji ya Goma na Bukavu, wenye nyumba wengi wanapotengeneza upya bafu, pesa ya kwanza inakwenda kwa karo, lavabo na dushi ya maji moto. Fundi wa umeme anaitwa mwishoni, wakati kuta zimekwisha kufunikwa. Hapo anabaki na njia mbili: kuvunja karo ama kupitisha waya nje ya ukuta, karibu na maji. Njia hiyo ya pili ni ya bei ndogo, lakini ndiyo inayoweza kuua.

Mwili uliolowa unapitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu. Disjonkta ya kawaida ya ampea 16 haimlindi mtu: inakata pale waya zinapobeba mzigo kupita kiasi ama zinapogusana. Lakini miliampea makumi machache tu zinaweza kusimamisha moyo. Kinachomlinda mtu ni disjonkta diferansieli ya miliampea 30. Inapima umeme unaotoka na ule unaorudi; ikiona tofauti, inakata mara moja. Kila mwezi bonyeza kitufe chake cha majaribio. Isipokata, ibadilishwe.

Kisha chora bafu kwenye karatasi. Prizi ikae angalau sentimita 60 toka ukingo wa beseni la kuogea. Kama dushi haina beseni, pima mita 1.20 toka mahali maji yanapotokea. Swichi ya taa ni afadhali iwe nje ya mlango.

Upande wa waya, taa inatosheka na milimita mraba 1.5, prizi 2.5. Dushi ya umeme ya wati 5500, kwa volti 220, inavuta ampea 25. Inahitaji waya wake peke yake, wa milimita mraba 6, toka kwenye kisanduku cha disjonkta bila kuungwa njiani. Mbele ya kuinunua, uliza kama mita ya nyumba inaweza kubeba mzigo huo.

Kunabaki waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Goma imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mawe ya volkano, na mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji. Nondo ya shaba haiingii humo kwa urahisi, tena mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Kwa nyumba mpya, zungusha waya wa shaba usio na ganda chini ya msingi. Kwa nyumba ya zamani, tafuta mahali penye udongo na unyevu, kisha fundi apime kwa kifaa.

Waya zikiisha kupita, piga picha za kuta zote mbele ya kubandika karo. Kesho zitaonyesha pa kutoboa na pa kuacha. Na kazi yote ifanyike disjonkta kuu ikiwa imeshushwa. Umeme kukatika mtaani si ruhusa ya kushika waya: unaweza kurudi wakati wowote.