Siri ya Mwanafunzi Mikononi mwa Mwalimu

Wajukuu zangu, Dzaleka mnaijua: kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi, si mbali na Lilongwe, iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu. Sasa wamepita 50,000. Na humohumo masomo ya chuo kikuu yapo! Mwaka 2010 Wajesuti walianza kuwasomesha vijana kwa intaneti, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani.

Mwaka huohuo, mjini Blantyre, Tiwonge Chimbalanga alisimama kizimbani. Alizaliwa akahesabiwa mvulana, lakini mwenyewe alijijua kuwa mwanamke. Mwishoni mwa Desemba 2009 yeye na Steven Monjeza walifanya chinkhoswe, sherehe ya uchumba, wakakamatwa. Mei 20 wakahukumiwa miaka 14 na kazi ngumu. Shirika la CEDEP liliwatetea, dunia ikapaza sauti, na Mei 29 Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe. Hata hivyo Tiwonge hakuweza kukaa kwao. Alikimbilia Afrika Kusini, akawa mkimbizi kama wazazi wenu.

Sheria iliyowatia hatiani, inayokataza mapenzi ya jinsia moja, ingalipo. Juni 28, 2024 mahakama ilikataa kuifuta. Sasa mfikirieni mwanafunzi wa Dzaleka anayempenda mtu wa jinsia yake. Nyumba zimebanana, na neno likitoka asubuhi, jioni kambi nzima inalo. Mwalimu amsaidieje?

Kwanza afunge mdomo. Alichoambiwa kisifike kwa walimu wenzake, kwa mchungaji wala kwa wazazi, hata kama nia ni njema. Kijana akifukuzwa nyumbani, atalala wapi, na kutoka kambini kunahitaji kibali? Naye mwalimu aliye ng'ambo, anayemfundisha kwa kompyuta, asimhimize ajitangaze. Yeye hatakamatwa, mwanafunzi ndiye atakayekamatwa.

Lakini kunyamazia siri si kunyamazia matusi. Kejeli ikianza darasani, mwalimu aikate papo hapo, tena bila kumgeukia mtu yeyote, wasije wakaanza kukisia ni nani anayelindwa. Akiona kijana ameacha kuhudhuria, amtafute kwa habari ya masomo tu, amwongezee muda wa kazi zake, asimdai maelezo mbele ya wenzake. Na kijana akihitaji kumwona mwanasheria Lilongwe, mwalimu amuulize kwanza anataka nini, ndipo ashughulikie kibali na nauli.